Wataijenga Imeinama?

Asubuhi ile Mzee alikuwa ameshika tosti, hajaiuma bado, redio ya jikoni ikisoma habari. Ilikuwa mwisho wa Februari 2024. Mtangazaji akasema Halmashauri ya South Staffordshire imetoa amri: wenye baa ya Crooked House, yaani Nyumba Iliyopinda, waijenge upya, irudi kama ilivyokuwa kabla ya moto, na wamepewa miaka mitatu kuimaliza.

Nilipiga kofi moja kwa furaha. "Mzee, umesikia? Inarudi!"

Hakufurahi. Aliirudisha tosti sahanini, akakung'uta chenga vidoleni, akaniuliza:

"Wataijenga imeinama?"

Sikuwa na jibu. Nilimalizia vyombo, nikampa dawa zake, nikaandika kwenye daftari la huduma kwamba amekula vizuri, nikaenda kwa bibi wa nyumba ya pili na baba wa nyumba ya tatu. Swali likanifuata kote huko. Limenifuata wiki sita sasa. Naamka nalo alfajiri, nasubiri basi nalo.

Ndiyo maana naandika.

## Mzee na mimi

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi yangu: nahudumia wazee majumbani mwao. Mzee ni mmoja wa wale ninaowahudumia hapa Dudley, Uingereza, tangu 2018. Ana miaka themanini na ushei. Wiki ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake, kama desturi yao, na ulimi wangu wa Tanga ukakataa katakata. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake huitwa Mzee, nikamweleza uzito wa neno lenyewe. Alilirudia mara mbili tatu, akalikubali. Yeye huniita "bab", kama wazee wa hapa wanavyomwita binti au mwanamke wanayempenda.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Round Oak, pale Brierley Hill, hadi kilipofungwa Desemba 1982. Leo jirani na ardhi ile limesimama soko kubwa la Merry Hill. Ninaponunua viatu vya kazi huko, hukumbuka kwamba mtu ninayemfunga vifungo vya shati asubuhi aliwahi kusimama karibu na hapo mbele ya chuma kinachochemka.

Eneo lote hili huitwa Black Country, Nchi Nyeusi, kwa ajili ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda uliokuwa ukifunika anga. Sasa hewa ni safi. Aliyekuja juzi hawezi kubahatisha kilichopita hapa. Anaona nyumba za matofali mekundu, mifereji iliyotulia, bata.

Kwa hiyo ile baa ilikuwa na kazi moja ambayo sikuielewa mpaka ilipoondoka.

## Gololi

Nilifika mara moja tu, mwaka 2019. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mzee, binti yake akatuendesha. Unaacha barabara kuu ya Himley, unaingia kijinjia chembamba kirefu chenye miti huku na huku, unaanza kujiuliza kama umepotea, halafu inatokea mbele yako nyumba ya matofali iliyolala upande.

Naomba usifikirie ukuta uliopinda kidogo kwa uzee. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa chini ya mwingine kwa kiasi cha mita 1.2. Hebu simamisha mtoto wa darasa la kwanza ukutani kwako. Tofauti ilikuwa karibu urefu wake. Milango ilikuwa imeinama, madirisha yameinama, na ukiingia ndani mwili wako unabishana na macho yako. Mimi nilishika ukuta kama mtu aliyeshuka kwenye jahazi baada ya usiku wa upepo mkali. Saa ndefu ya ukutani ilionekana inataka kuanguka. Mzee akaniambia saa ndiyo iliyonyooka, sisi wengine wote tumepinda.

Nilikunywa juisi ya machungwa, nikala samaki na chipsi. Mzee alikunywa bia yake moja taratibu, kwa heshima, kama anayezungumza na mtu.

Kisha akatoa gololi mfukoni.

Aliileta kutoka nyumbani. Gololi ya kioo, ya kijani, yenye mstari mweupe ndani, sawa kabisa na zile tulizokuwa tukichezea uwanjani Chumbageni, kwetu Tanga. Akaiweka kwenye ubao uliopita chini ya dirisha, upande ambao macho yalisema ni wa chini. Akaiachia.

Ikapanda.

Ilipanda polepole bila kusukumwa, ikafika juu, ikagonga fremu. Nikaomba airudie. Akairudia mara tano. Binti yake alikuwa anatucheka wote wawili.

Baadaye nililielewa fumbo lake. Gololi haikupanda kitu, ilikuwa inateremka kama gololi yoyote. Ila chumba kizima, kuanzia dari na madirisha hadi mistari ya ukuta, kilikuwa kimeinama pamoja, na jicho la binadamu huamini chumba. Likikuta kuta nne zinakubaliana, linazichukua hizo kuwa ndiyo kweli, na kinachotofautiana nazo linakiona kimekosea. Gololi ilikuwa inasema kweli peke yake, na macho yangu yakaona muujiza.

Niliporudi nyumbani usiku huo nilisimulia gololi hadi nikasahau kuuliza jambo la msingi. Kwa nini nyumba iliinama?

## Kilichokuwa chini

Ilijengwa mwaka 1765, na haikujengwa kuwa baa. Ilikuwa nyumba ya shamba. Mtu alipima matofali yake yakiwa sawa, akaweka mlango wima, akaweka jiko. Chini ya miguu yake kulikuwa na makaa ya mawe.

Hapa Black Country kulikuwa na tabaka la makaa lililotajwa kila mahali kwa unene wake: kama mita 9, sehemu nyingine zaidi. Mahali pengine mchimbaji alilazimika kulala ubavu kuchimba tabaka lisilofika kiunoni. Hapa walichimba makaa marefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Walichimba vyumba chini kwa chini, wakiacha nguzo za makaa yenyewe zishikilie ardhi. Lakini nguzo nazo ni makaa, na makaa ni pesa. Nguzo zikapunguzwa, nyingine zikaondolewa kabisa. Huko juu ardhi ikaanza kutitia.

Mwanzoni mwa karne ya 19 upande mmoja wa ile nyumba ya shamba ukazama. Nyumba nyingi za eneo hili zilipasuka, nyingine zikaanguka, mifereji ikavuja, barabara zikapata mabonde. Hii ikazama nzima, kama mtu anayekaa chini polepole akishika mgongo. Haikuvunjika.

Miaka ya 1830 ikawa baa. Mwaka 1830 bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu karibu mwenye nyumba yeyote anayelipa kodi kuuza bia, ilimradi alipie leseni ya kiasi kidogo tu, na Uingereza ikafurika nyumba za bia. Hii ikapewa jina la Glynne Arms, kwa heshima ya ukoo wa Sir Stephen Glynne, mwenye ardhi. Huyu Glynne dada yake aliolewa na William Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu mara nne, na biashara ya chuma na matofali ya Oak Farm, papo hapo jirani, ilikaribia kuufilisi ukoo mzima miaka ya 1840. Gladstone alitumia miaka mingi kuwatoa kwenye deni hilo. Ardhi iliyoizamisha nyumba ndiyo iliyomzamisha na mwenyewe.

Watu wa kawaida hawakuiita Glynne Arms. Kwa lafudhi ya huku waliiita Siden House. Siden ni iliyokwenda upande. Mzee bado huiita hivyo.

## Baa, na baa

Mama aliponipigia simu kutoka Tanga nikamwambia ninaandika juu ya baa, akanyamaza kidogo. Kwa Kiswahili neno hili lina uso wa pili. Baa ni mahali pa pombe, na baa ni balaa, kama baa la njaa. Mama alilelewa kuamini kwamba hayo mawili hayakukutana katika neno moja kwa bahati.

"Mwanangu, hukupata kitu kingine cha kulilia?"

Nilikwama hapo siku kadhaa. Sinywi. Mjomba wangu alikunywa, na najua mshahara unavyoweza kuisha kabla haujafika nyumbani. Na kadiri nilivyosoma historia ya baa za migodini, Mama alizidi kuwa na haki.

Katika migodi ya hapa mchimbaji mara nyingi hakuajiriwa na mwenye mgodi. Katikati alikaa mkandarasi, waliyemwita "butty". Yeye ndiye aliyekubaliana bei ya makaa na mwenye mgodi, yeye ndiye aliyewachukua watu na kuwalipa. Wengi wa wakandarasi hao walikuwa na nyumba za bia, wao au ndugu zao. Mshahara ulilipwa baa. Uliketi, ukasubiri, na wakati ukisubiri ukanywa kwa mkopo. Asiyekunywa alijua kesho huenda asiitwe kazini. Bunge lilikataza wachimbaji wa makaa kulipwa baa mwaka 1842, katika sheria ileile iliyowatoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kwenye mashimo. Wafanyakazi wengine walisubiri hadi 1883.

Sheria mbili, zikipishana kwa miaka 41, kumzuia mtu asinyang'anywe jasho lake kwenye meza ya bia. Kisha mimi niililie meza yenyewe?

Nilimsomea Mzee habari hizo. Nilitegemea atazikataa, aitetee baa yake. Hakuzikataa. Alisema babu yake alikuwa na hadithi za namna hiyo, na bibi yake alikuwa akimtuma mtoto kwenda kusimama mlangoni mwa baa Ijumaa jioni, asiseme kitu, asimame tu aonekane na baba yake. "Lakini bab," akasema, "nyumba zetu zilikuwa na chumba kimoja chini, na watoto saba. Ungempokea mgeni wapi? Ungemlilia maiti wako wapi?"

Nilimrudishia Mama maneno hayo. Akakaa kimya tena, kimya cha namna nyingine.

"Sasa hiyo imevunjwa, hao wazee wanakaa wapi?"

Mwaka 2000 Uingereza nzima ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki kama 45,000. Wazee wengi ninaowahudumia wanakaa mbele ya televisheni, na mtu wa kuzungumza naye ni mimi, dakika thelathini asubuhi na dakika thelathini jioni, nikiwa na sindano ya saa inanichoma mgongoni.

## Siku mbili za Agosti

Julai 2023 baa ikauzwa. Kampuni iliyokuwa mwenye nyumba iliachana nayo, na waliokuwa wateja wakaanza kuomba ilindwe. Haikuwa katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa kisheria. Watu wa nje hushangaa wakisikia hivyo. Mimi pia nilidhani nyumba ya 1765 inajilinda yenyewe.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 5 Agosti, ikawaka moto. Wazima moto walikuta vilima vya udongo vimeziba kile kijinjia, magari yao yasifike, wakalazimika kuvuta mipira ya maji kutoka mbali. Asubuhi paa halikuwepo, lakini kuta zilisimama.

Jumatatu, tarehe 7, zikaangushwa zote kwa mtambo. Halmashauri ilisema ilikuwa imekubali kuondolewa sehemu tu za ghorofa ya juu kwa ajili ya usalama, na haikuwa imeruhusu jengo lote liangushwe. Siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba wanauchunguza moto ule kama uliowashwa kwa makusudi. Zaidi ya hapo sisemi. Kuna wanaochunguza na kuna mahakama, na kidole changu hakina kazi huko.

Nitasema nilichokiona mwenyewe. Jumatano niliomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda. Kijinjia kilikuwa kimejaa watu wanatembea kimya, watoto mabegani, wengine wameshika maua kama kwenye mazishi. Mwisho wa njia kulikuwa na lundo la matofali. Bibi mmoja alikuwa analia waziwazi, na mumewe hakumnyamazisha.

Watu wengine walikuwa wanaokota tofali moja moja la ukumbusho. Nilimkumbuka Mzee, nikainama, nikaligusa moja, lilikuwa na masizi upande mmoja. Nikaliacha. Nililelewa kwamba msibani huondoki na kitu cha marehemu kabla wenyewe hawajakaa wakagawana.

Nilifurahi baadaye kwamba nililiacha, kwa sababu wiki zilizofuata wito ukawa matofali yasiondoke, yahifadhiwe, yatahitajika. Aliyekuwa meya wa West Midlands, Andy Street, alisimama hadharani akitaka nyumba ijengwe upya tofali kwa tofali.

Tofali kwa tofali. Nililipenda neno hilo. Mpaka Mzee alipoweka tosti sahanini.

## Iliyonyooka imewahi kurudi

Nilianza kutafuta jibu mahali palipo rahisi. London kulikuwa na baa inaitwa Carlton Tavern. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikapona mabomu ya Hitler, kisha Aprili 2015 ikavunjwa bila kibali siku chache tu kabla ya kupewa ulinzi wa sheria. Halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe upya ilivyokuwa. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuipima na kuipiga picha, basi wakajua kila kigae kilikaa wapi. Ikajengwa. Aprili 2021 ikafungua milango, miaka sita baadaye.

Kwa hiyo inawezekana. Nilimpelekea Mzee picha zake kwenye simu: iliyovunjwa, kisha iliyorudi. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Hii ilikuwa imenyooka tangu mwanzo," akasema, akanirudishia simu.

Na ni kweli. Carlton Tavern ilikuwa kazi ya mchoraji ramani na mafundi. Ukipata ramani na mafundi unaipata tena. Lakini Siden House haikuinamishwa na fundi yeyote. Iliinamishwa na shimo, yaani na watu walioingia gizani na mishumaa wakatoa makaa mpaka ardhi ikachoka. Huwezi kumpa mhandisi kazi hiyo. Atachora pembe, atamwaga zege iliyoinama, atapanga matofali ya zamani juu yake. Gololi itapanda tena, naam. Lakini itakuwa inapanda kwa sababu mtu mwenye kompyuta ameamua ipande.

Nilikaa na wazo hilo wiki mbili, nikaamini nimelimaliza. Nilikuwa nimeshaanza hata kuandika makala hii kwa upande huo: kwamba waache, waweke jiwe la kumbukumbu, uongo mzuri ni uongo.

Kisha nikakutana na miaka ya 1940.

## Boriti

Katika miaka hiyo baa ilitangazwa kuwa ya hatari. Ilikuwa ivunjwe. Iliokolewa na kampuni ya bia ya hapa, Wolverhampton and Dudley Breweries, ambayo iliinunua na kuamua kuishikilia. Wakaweka boriti za chuma. Wakajenga matofali mazito ya kuegemeza ule upande uliozama. Ukitazama picha zake unayaona waziwazi, yamekaa kama goti la mtu anayemzuia mwenzake asidondoke.

Nilizitazama picha hizo mara nyingi kabla sijaelewa ninachokiona.

Waliokuwa na boriti mikononi wangeweza kuibomoa, na wangeweza kujenga nyingine iliyonyooka palepale, yenye vyumba vingi na sakafu ya kuweka meza bila taabu. Walichagua mwinamo. Walitumia fedha kuhakikisha nyumba inabaki imepinda na haipindi zaidi. Tangu hapo haikuwa shimo tena lililoshika ile pembe. Ilikuwa chuma na uamuzi wa watu. Kila gololi iliyopanda kwenye ule ubao tangu siku hizo, pamoja na ile ya kijani ya Mzee, ilipanda kwa sababu mtu aliamua ipande.

Basi hoja yangu ya zege ikafa mikononi mwangu.

Kama uamuzi wa miaka ya 1940 haukuwa uongo, wa leo unakuwaje uongo? Na kama ni tofauti, tofauti iko wapi? Kwamba matofali yalikuwa hayajagusa chini? Nililala na kuamka na hilo. Nikafuta kurasa nne.

Wenye eneo, nao, wamekata rufaa dhidi ya amri ya halmashauri. Pale mwisho wa kijinjia pamebaki uzio na nyasi zinazorudi.

## Jikoni kwa Mzee

Jumanne iliyopita nilimaliza mapema. Mzee alikuwa ameshakula, mvua inanyesha, hakuna aliyekuwa na haraka. Nikavuta kiti, nikamuuliza yale ambayo ningepaswa kumuuliza siku ileile ya redio.

"Mzee, wewe unataka waijenge imeinama?"

"Lazima." Alijibu upesi, kana kwamba alikuwa akinisubiri wiki zote sita. "Wakiinyoosha watakuwa wamesema hapa hapakuchimbwa kitu."

Akanyoosha kidole kwenye kopo la vifungo lililoko juu ya friji, kopo la mkewe, marehemu. Nikampa. Akachakura humo, akaitoa. Gololi ya kijani.

Akanipa mimi. "Weka pale, karibu na jiko. Sakafuni. Usiisukume."

Nilipiga magoti nikaiweka juu ya zulia la plastiki ninalolipiga deki mara tatu kwa wiki. Kwa kitambo haikufanya kitu. Halafu ikatikisika, ikaanza kwenda, ikaongeza mwendo, ikapita chini ya meza, ikapita miguu ya Mzee, ikagonga mlango wa nyuma kwa sauti ndogo kavu.

Nyumba yake ni ya halmashauri, ya baada ya vita, ya kawaida kabisa, safu nzima zinafanana. Nimeingia humo zaidi ya mara elfu. Kuta zote nne zimekuwa zikikubaliana, na mimi nikaziamini.

"Chini hapa pia?" nikauliza.

"Chini kila mahali, bab."

Nilitambaa kuifuata gololi mlangoni, na njiani, chini ya meza, nikaona kile ambacho nimekuwa nikikifuta vumbi kwa miaka sita. Kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne, kimebanwa chini ya miguu miwili ya upande wa mlango. Siku zote nilidhani meza ina miguu mifupi.

Kilikuwa kimesogea kidogo. Nikasikia kikombe kikiteleza juu ya kichwa changu.

"Kirudishe vizuri," Mzee akasema. "Chai itamwagika."

Nikainua meza kwa bega, nikakirudisha.